Chakula cha Watoto wa Nguruwe

Katika nyanda za juu za Mbeya na Iringa, jamaa nyingi hufuga nguruwe. Mmoja akiuzwa, daftari na sare za watoto hupatikana. Chakula chao aghalabu ni pumba za mahindi na mashudu ya alizeti. Lakini mfugaji hodari haangalii uzito wa chakula tu, bali na umbo lake.

Mtoto wa nguruwe aliyeachishwa ziwa amezoea maziwa. Akipewa unga mkavu, vumbi humwingia puani, naye hufukua hori hata chakula kikamwagika. Unga ukichanganywa na maji, hula kwa upesi. Bali uliolala huchacha, ukamharisha. Chakula kilichoshindiliwa kuwa vidonge hakipeperuki, wala hawezi kuchagua kitamu na kuacha kingine. Hupotea kidogo, naye hukua vizuri. Ila bei yake ni kubwa.

Basi asiye na fedha za vidonge na alowanishe unga wa mlo mmoja tu, asafishe hori kila siku, na maji safi yasikosekane. Tena hori liwe refu, wanyonge wasisukumwe na wenye nguvu. Pumba ni zile zile. Bidii ya mfugaji ndiyo inenepeshayo.