Jina Moja, Sura Mbili

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anajifunza Kichina, aliniandikia alama mbili karatasini: 国 na 國. Akaniuliza, "Mwalimu, haya ni maneno mangapi?" Nikajibu kwamba ni mawili. Akacheka. Ni neno moja, na maana yake ni nchi. Alama ya kwanza ni ya mwandiko uliorahisishwa China Bara katika miaka ya 1950. Ya pili ni ya asili, nayo hadi leo huandikwa Taiwan na Hong Kong.

Msomaji wa Kichina hatatizwi na jambo hili. Kompyuta ndiyo hutatizika. Kwake kila alama ina namba yake, basi jina moja la tovuti likiandikwa kwa sura hizi mbili huwa anwani mbili. Ukisajili moja, tapeli aweza kuisajili ya pili na kuwapokea wageni wako mlangoni kwake. Mimi niliyewapunguzia wanafunzi maksi kwa kila jina lililoanza kwa herufi ndogo, nimejua uzeeni kwamba mfumo wa majina ya intaneti hautofautishi A na a! Sisi wa herufi za Kilatini tulihurumiwa tangu mwanzo.

Dawa iliyoandikwa katika mwongozo wa mwaka 2004 ni kulishika jina pamoja na sura zake kama fungu moja: anayesajili sura moja, nyingine hupewa yeye au hufungwa asipewe mwingine. Na mwaka 2010, China ilipopata tamati ya anwani kwa maandishi yake, ilipewa mbili, 中国 na 中國, chini ya msajili mmoja.

Kwa nini mashine isigeuze tu sura moja kuwa nyingine? Hapo ndipo penye mtego. 發, yaani kutoa, na 髮, yaani nywele, zote zilirahisishwa zikawa 发. Kwenda ni rahisi. Kurudi kuna njia panda.

Nililielewa hilo upesi, kwa kuwa utenzi alioniachia marehemu babu kwa hati za Kiarabu una maradhi yayo hayo. Herufi ba ya wazee ilibeba b, p na mb. Neno moja katika ubeti wa mwisho nalisoma bata, au pata, au mbata. Kina ni kilekile, mizani ni ileile. Babu alipokuwa hai sikumwuliza.