Kutengeneza Banda la Kuku Kabla ya Baridi ya Julai

Wasafiri wapitao Sultan Hamud katika barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi hudhani kwamba nchi ile ni ya jua kali mwaka mzima. Huona vumbi na migunga, ng'ombe wa Wamasai upande mmoja na mashamba ya Wakamba upande wa pili, wakanywa chai, wakaenda zao. Lakini mwenyeji wa mji ule, ulioitwa kwa jina la Sultan Hamud bin Muhammad aliyetawala Unguja tangu mwaka 1896 hata 1902, anajua zaidi. Mahali pale pako juu ya bahari kwa zaidi ya meta 1,000. Mwezi wa Juni ukiingia, upepo wa kusi hupanda kutoka baharini na kuleta mawingu mazito, na asubuhi vilima vya Kilungu hufunikwa na ukungu. Watoto huenda shuleni wamevaa sweta, na wazee huota moto hata baada ya jua kupanda. Hali hiyo huendelea mpaka mwezi wa Agosti.

Katika majira hayo kila mtu huwakumbuka watoto wake na ng'ombe wake, lakini ni wachache wawakumbukao kuku. Na kumbe kuku ndio akiba iliyo karibu zaidi katika nyumba nyingi za Ukambani. Mgeni akifika, huchinjwa jogoo. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, mama hufunga mitetea miwili miguu akaipeleka sokoni. Mahindi yakikauka shambani, na hilo si jambo geni huko, mayai hununua chumvi na mafuta ya taa. Basi mtu apotezaye kuku 20 katika wiki moja ya baridi hakupoteza kitoweo tu, bali amepoteza akiba yake yote.

Yafaa kwanza kujua baridi hiyo ni ya namna gani, kwa kuwa si kila shauri lisomwalo vitabuni linafaa Ukambani. Katika nchi za Ulaya maji ya kuku huganda yakawa barafu, na vilemba vya majogoo huweza kuungua kwa baridi. Tena mchana wao huwa mfupi sana, hata kuku wakaacha kutaga, na wafugaji hutundika taa mabandani ili kuwaongezea mwanga. Sultan Hamud iko karibu nyuzi 2 tu kusini mwa Ikweta, na tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi kwa mwaka mzima haifiki robo saa. Kwa hiyo mayai yakipungua mwezi wa Julai, mfugaji asiulaumu ufupi wa mchana. Atazame chakula, atazame manyoya, na zaidi ya yote alitazame banda.

Kuku mzima ana joto la mwili la nyuzi 41 hivi za sentigredi, nalo limepita joto la mwanadamu. Manyoya yake ni blanketi jema. Usiku huyatutumua ili yashike hewa katikati yake, akasogea karibu na mwenzake, akavifunika vidole vyake kwa manyoya ya tumbo. Kwa hali hiyo baridi kavu huistahimili. Asichokistahimili ni mambo mawili: upepo unaoingia chini ya manyoya, na unyevu unaoyalowesha. Manyoya yaliyolowa hayahifadhi joto, na chakula ambacho kuku angekigeuza yai hukitumia chote kujipasha moto.

Hapo ndipo watu wema wanapokosea. Bibi mmoja mwenye shamba kati ya Sultan Hamud na Kasikeu alikuwa na kuku 22 katika kibanda cha mbao kilichoezekwa kwa mabati. Mjukuu wake, kijana afanyaye kazi ya useremala mjini, alikuja kumtazama mwezi wa Julai. Alipoona nyufa za kibanda kile alisikitika, akanunua karatasi ya nailoni, akaizungushia kuta zote kwa misumari tangu chini hata juu, pasipo kubakiza tundu hata la kupitisha kidole.

"Nyanya," akasema, "sasa kuku wako watalala kama watu wa hotelini."

Siku ya nne bibi akamwita kabla jua halijachomoza. "Mjukuu wangu, ingiza mkono wako, uguse mabati kwa ndani."

Kijana akagusa, na mkono wake ukatoka umelowa kana kwamba mvua ilinyesha humo ndani. Matone yalikuwa yakiwadondokea kuku mgongoni, na harufu ya mkojo wa zamani ikamchoma macho. Kuku watatu walikuwa wakikoroma.

"Mvua hii imetoka wapi, Nyanya?"

"Imetoka vinywani mwao," bibi akajibu. "Wamepumua usiku kucha, na pumzi haikupata njia."

Bibi yule hakusoma sayansi, lakini alinena sawasawa. Kila kuku hutoa mvuke kwa kupumua, na karibu robo tatu ya uzito wa kinyesi chake kibichi ni maji. Mvuke huo hupanda, hugusa mabati yaliyopoa kwa baridi ya usiku, hugeuka matone, kisha hurudi chini. Na kinyesi kikiloa hutoa hewa kali iitwayo amonia, ambayo huharibu macho na mapafu. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na maneno hayo ni ya kweli katika nyumba ya watu. Katika banda la kuku, hata hivyo, upo ufa mmoja usiopaswa kuzibwa kamwe.

Kazi yenyewe haina gharama kubwa, na mwezi wa Mei ndio wakati wake, mvua za masika zinapokwisha. Kwanza mfugaji atengeneze paa, aangalie misumari iliyolegea na mabati yaliyotoboka. Akiweza, atandaze nyasi kavu chini ya mabati, akizishikilia kwa fito, ili pumzi ya kuku isikutane na chuma kilichopoa. Kisha azibe kuta za upande wa kusini na mashariki, utokako upepo, kwa mbao, udongo au magunia mazito, tangu chini mpaka juu ya vichwa vya kuku walalao. Upande wa kaskazini au magharibi aache uwazi mrefu chini ya paa, wenye upana wa kiganja, ambao upepo hauwapigi kuku bali mvuke hupata pa kutokea. Mlango ukielekea kaskazini-mashariki ni vizuri zaidi, kwani mwezi wa Julai jua huchomoza kaskazini kidogo ya mashariki halisi, na miali yake ya kwanza huingia ndani na kukausha sakafu.

Sakafu itandazwe takataka kavu za mbao kutoka kwa seremala, au nyasi zilizokatwakatwa, kwa kimo cha sentimeta 5 hata 10. Palipoloa paondolewe siku ile ile, maana vijidudu vya ugonjwa wa kuhara damu, uuao vifaranga wengi, hustawi katika unyevu. Takataka hizo chafu zisitupwe, kwa kuwa zikioza vyema ni mbolea njema ya mahindi. Fito za kulalia ziwe bapa upande wa juu, zenye upana wa sentimeta 5 hivi, ili kuku aweze kukalia vidole vyake na kuvipa joto. Kila kuku apewe nafasi ya sentimeta 20.

Vifaranga wana shauri lao. Katika juma la kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hata 35, nalo hupunguzwa kidogo kidogo kila juma mpaka manyoya yaote. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, nayo ni hatari kwa watu pia. Wako watu waingizao jiko la makaa ndani ya banda lililofungwa, na wako wengine waletao vifaranga katika chumba cha kulala, wakaweka jiko katikati na kufunga dirisha. Makaa yawakayo mahali pasipo hewa hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu aliyelala haisikii ikija. Huzidi kulala tu, wala hataamka. Hakuna kifaranga mwenye thamani ya kulipwa kwa roho ya mtoto. Koo mwenye afya, akiwekwa na vifaranga wake katika kikapu kikubwa chenye nyasi kavu, hushinda jiko. Wasio na mama wawekwe katika sanduku pamoja na mtungi wa maji ya moto uliofungwa vizuri na kuviringishwa gunia, ukijazwa tena usiku wa manane. Mwenye kutumia taa ya mafuta aitundike kwa waya madhubuti, mbali na nyasi, mahali penye hewa.

Uwazi ulioachwa chini ya paa usiwe mlango wa adui. Kicheche, nguchiro na kanu hupenya mahali ambapo mtu hangedhani. Basi uzibwe kwa wavu wa seng'enge wenye matundu madogo, uliopigiliwa kwa nguvu. Kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo huepuka unyevu wa ardhi, na nguzo hizo zikisimamishwa ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya gari, siafu hawapandi.

Baada ya hayo yote, banda jema haliwezi kuzuia ugonjwa ambao umekwisha kuingia mlangoni. Ugonjwa wa Newcastle, ambao katika Kenya ulijulikana kwanza Mombasa mwaka 1935, hauna dawa ya kuuponya, lakini upo wa kuuzuia. KEVEVAPI, taasisi ya serikali itengenezayo chanjo za mifugo, ni miongoni mwa watengenezao chanjo yake. Iko namna moja ya chanjo hiyo, iitwayo I-2, iliyofanywa ivumilie joto kuliko nyingine. Hutiwa tone moja katika jicho moja, na kurudiwa kila miezi minne. Chupa moja hutosha kuku wengi, kwa hiyo yafaa majirani wachange fedha na kuchanja siku moja, kuku wakiwa wangali wazima. Kumchanja aliyekwisha ugua si kumtibu.

Na kuku aliyenunuliwa sokoni asitiwe bandani siku ile ile. Methali isemayo kuku mgeni hakosi kamba mguuni ina hekima ya mganga wa mifugo. Afungwe mbali na wenzake kwa majuma mawili, apewe chombo chake cha maji, atazamwe anavyokula na anavyopumua. Watu wa Sultan Hamud waishio kando ya barabara na reli wanapaswa kuwa waangalifu zaidi, kwa kuwa matenga ya wachuuzi hupita kwao kila siku, na hakuna ajuaye kuku wale wametoka wapi.

Kijana seremala aliitoa ile nailoni ya juu siku ile ile, akaiacha ya chini upande wa kusini, akapigilia wavu mahali pa uwazi. Kuku mmoja alikufa, wawili wakapona. Tangu hapo bibi huamka alfajiri, na kabla ya kufungua mlango huinama mpaka kimo cha kuku, akavuta pumzi, kisha akapitisha kiganja chini ya mabati. Pua isipowashwa na kiganja kikitoka kikavu, kuku wamelala vema. Mkulima yeyote aweza kufanya vivyo hivyo kesho asubuhi.