Ukiniambia Sabuni Yako Inaoza, Nionyeshe Chupa

Wasee, mmeona siku hizi kila sabuni imechorwa jani? Jani la kijani, tone la maji, na maandishi kwamba sabuni hii inaoza kiasili, haidhuru mazingira. Kwa hilo jani unaongeza pesa. Mimi sina shida na mtu anayelipia jani, doo ni zake. Shida yangu ni kwamba neno "inaoza" lina maana kamili. Lina mtihani wake na alama zake za kupita, na wanaotuuzia hawatuambii sabuni ilifanya mtihani gani wala ilipata ngapi.

Nilikuwa nasomea kemia kabla karo ikatae na niache chuo mwaka wa pili. Huu mtihani ni kati ya vitu vichache nilivyoondoka navyo ambavyo bado nafurahia kuvieleza, kwa hivyo nivumilieni kidogo.

Shirika la OECD, lenye makao yake Paris, lina mwongozo wa vipimo nambari 301. Ulipitishwa 1981, ukafanyiwa marekebisho 1992. Ndani yake kuna njia sita, A hadi F, lakini wazo ni moja. Unachukua maji yenye madini tu, unatia kemikali yako kidogo, kisha unaongeza bakteria waliotoka kwenye mtambo wa kusafisha maji taka ya nyumbani. Ndio, hao hao wa choo. Humo ndani hakuna kaboni nyingine ya kula ila kemikali yako. Wale, ama walale njaa. Unaweka gizani, joto nyuzi 22 hivi, unasubiri siku 28. Na hao bakteria hawaruhusiwi kuzoeshwa hiyo kemikali mapema. Hakuna kuvujisha karatasi hapa.

Bakteria wakila, wanavuta oksijeni na kutoa kaboni dioksidi kama sisi. Hiyo inapimika. Kama oksijeni iliyotumika au kaboni dioksidi iliyotoka imefika asilimia 60 ya ile iliyotarajiwa kwa hesabu, umepita. Ukipima kaboni iliyotoweka ndani ya maji, basi ni asilimia 70. Usiulize mbona si 100. Sehemu ya kaboni bakteria wanajengea miili yao, kama vile ugali wote unaokula hautoki kama jasho. Halafu kuna dirisha la siku 10: kuoza kukishafika asilimia 10, saa imeanza, na una siku 10 tu za kufika kiwango cha kupita. Ukijikokota hadi siku ya 28, huitwi wa kuoza upesi.

Kitu ninachopenda zaidi ni chupa zinazokaa kando. Moja haina kemikali yoyote, ili ujue bakteria wanapumua kiasi gani bila kulishwa. Nyingine ina kitu kinachojulikana kuoza kirahisi, kama asetati au benzoati ya sodiamu. Ikifika siku ya 14 na hiyo nayo haijapita, basi bakteria wako ni wabovu na matokeo yote unatupa. Mtihani unaojikagua kwanza kabla haujamkagua mwingine. Si hata KCSE ingejifunza kitu hapo?

Kuoza kwa sabuni kulianza kuwasumbua watu kwa sababu ya povu. Miaka ya 1950, sabuni mpya za viwandani zilipoenea, mito ya Ujerumani, Uingereza na Marekani ilianza kufunikwa na povu. Kemikali iliyotumika ilikuwa na mnyororo wa kaboni wenye matawi mengi, na bakteria matawi huwashinda. Ujerumani ikatunga sheria 1961, ikaanza kutumika 1964, na viwanda vikahamia kwenye mnyororo ulionyooka, ambao bakteria huukata kuanzia mwisho kama mtoto na muwa.

Sasa huo mnyororo ulionyooka ndio mathe wangu ananunua kwa mtungi.

Mathe anatengeneza sabuni ya maji hapa Kayole. Kama umewahi kuona inavyotengenezwa unajua: salfoniki, ile asidi nzito ya rangi ya kahawia, inapozwa kwa kostiki, Ungerol inakorogwa hadi mkono uume, chumvi inafanya ishike, mwisho rangi na manukato. Kuna shule moja ya chekechea ilikuwa inachukua mitungi mitatu ya lita 20 kila mwezi. Muhula huu wakamwambia, kwa heshima zote, kwamba wazazi sasa wanataka sabuni inayooza, si "hizi za kemikali." Mitungi mitatu kwa mathe ni stima, ni maji, ni nauli ya ndugu yangu mdogo.

Nikaenda supamaketi nikaisoma ile sabuni iliyochukua nafasi yake, nyuma, kwenye maandishi madogo ya viungo. Cha kwanza baada ya maji, ile ile ya salfoniki iliyopozwa. Cha pili, ile ile iliyo ndani ya Ungerol. Zote mbili zinajulikana kuwa zinapita 301. Yaani kinachoosha sahani kwenye chupa yenye jani ndicho kinachoosha sahani kwenye mtungi wa mathe. Tofauti ni lebo, na mtu wa kuichora.

Msinielewe vibaya, sisemi ya mathe ni maji ya baraka. Rangi na manukato yake hakuna aliyeyapima kama yanaoza. Lakini na ya jani pia ina rangi na manukato. Mwongozo wa 301 hupima kemikali moja moja, ilhali lebo inaongea kwa niaba ya chupa nzima. Kuna sabuni za kufulia zenye vitu vya kung'arisha nguo nyeupe, au EDTA ya kufunga madini ya maji, na hivyo havipiti huu mtihani. Kukosa kupita pia si kwamba haitaoza milele. Mtihani ni mkali makusudi, na anayefeli hutumwa kwenye vipimo vingine.

Halafu kuna jambo la oksijeni, na hapa ndipo jani linanichekesha kabisa. Chupa ya 301 ina oksijeni. Salfoniki ya mnyororo ulionyooka inaoza vizuri palipo na hewa; pasipo na hewa inakaa tu. Sasa fikiria mtaro wa nyuma ya ploti yenu. Ule mweusi unaonuka mayai mabovu. Ile harufu ndiyo dalili kwamba oksijeni iliisha kitambo. Maji ya vyombo yakimwagwa hapo yanateremka hadi mtoni, na kabla hayajaoza yanaweza kuua samaki, haijalishi yalipata alama ngapi maabara. Yakibahatika kuingia kwenye sua na kufika mabwawa ya Ruai, angalau huko mbele kuna mabwawa yanayopata hewa. Kwa hivyo mtaa wenye sua na sabuni ya kawaida unaweza kuwa salama kwa mto kuliko mtaa usio na sua ambao kila nyumba imenunua jani. Lakini sua haipigiwi picha ikiwa na mwanga mzuri nyuma, na hakuna anayelipa wasee kama mimi waitangaze.

Maana jani wanalipa. Kampuni moja imenifikia, video mbili, pesa inayotosha kodi ya miezi miwili, na nitakuwa mwongo nikisema sikuhesabu. Nikawauliza maswali matatu: ni kiungo kipi kilichopimwa, kwa njia ipi kati ya zile sita, na kilifika asilimia ngapi siku ya 28. Nikawaambia nikipata hizo namba naziweka kwenye video, hata zikiwa 61, na video naifanya kwa furaha.

Waliniambia watauliza ofisi. Hiyo ni siku 19 zilizopita, na tiki ziko bluu. Wamebakisha tisa.