Tiketi Mbili za Wakubwa

Mara za mwanzo mimi na mume wangu tulikwenda Efteling, ile bustani ya michezo ya Uholanzi, na watoto, ingawa hawakuwa wetu. Walikuwa wa wifi yangu, aliyekuwa akikaa Tilburg na kufanya kazi za zamu. Wikendi alikuwa akituachia vijana wake wawili pamoja na mkoba wa mikate, juisi na nguo za kubadilisha. Toka Tilburg hadi Kaatsheuvel, iliko bustani hiyo, ni safari fupi ya basi, na wale watoto waliijua njia kuliko dereva. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya 2000, sisi tukiwa bado wageni Uholanzi, na kazi yetu ilikuwa kushika makoti, kupanga foleni na kuhesabu vichwa. Ukiniuliza niliona nini miaka ile, nitakwambia niliona visogo vya watoto, milango ya vyoo, na bei ya chipsi.

Watoto hukua. Walianza kutaka Python tu, ile treni ya kubingirika vichwa chini iliyofunguliwa 1981, kisha wakataka kwenda na wenzao. Tukabaki sisi wawili, hatuna mtoto, wala kisingizio.

Safari ya kwanza peke yetu ilitokana na likizo ya mume wangu iliyoangukia katikati ya juma, wakati wa baridi. Tangu 2010 Efteling hufunguliwa mwaka mzima. Kabla ya hapo ilikuwa ikifunga kipindi kirefu cha baridi. Mimi ndiye niliyesema twende. Yeye akacheka, halafu akaenda kutafuta glavu zake. Mlangoni nilikuwa nimeshatayarisha maelezo, kwamba tunawatangulia wenzetu, kwamba watoto wanakuja nyuma. Hakuna aliyeuliza. Binti wa getini alitupa ramani mbili akatutakia siku njema. Baadaye nilijua kwamba si kila mahali ni hivyo: vile vituo vya ndani vinavyoitwa LEGOLAND Discovery Centre kwa kawaida havimpokei mtu mzima asiye na mtoto, ila kwa jioni maalumu walizotengewa wakubwa. Nawaelewa, wana sababu zao. Lakini Efteling haikuanza kwa hesabu hiyo.

Ilifunguliwa mwaka 1952, miaka mitatu kabla ya Disneyland ya California, jambo ambalo Waholanzi hawachoki kukukumbusha. Kivutio chake kikuu siku zile kilikuwa msitu wa hadithi. Mchoraji Anton Pieck ndiye aliyebuni vijumba na viumbe, na Peter Reijnders, mtu wa filamu na mitambo, akahakikisha vinatikisika, vinaimba na kufungua macho. Pieck alikuwa mtu mzima aliyewachorea watu wazima wenzake ulimwengu wa zamani wenye mapaa yaliyopinda na kuta zilizochakaa kwa makusudi. Mtoto anapita akikimbilia kwa Langnek, yule mtumishi mwenye shingo inayorefuka mpaka kichwa kiwe juu ya miti. Mtu mzima asiyevutwa mkono ndiye anayepata nafasi ya kusimama kwenye kona ya kijumba na kutazama vigae vilivyopangwa kimoja kimoja.

Mume wangu ni fundi umeme. Yeye alipiga magoti pale penye uyoga, ule mkubwa mwekundu wenye madoa meupe unaotoa muziki wa kinanda cha zamani, akawa anatafuta waya unapoingilia. Mimi nilisimama mbele ya viatu vyekundu vinavyocheza dansi vyenyewe bila miguu, nikavitazama mpaka nikachoka. Halafu tukaenda kwa yule punda ambaye ukimtumbukizia sarafu analia, kisha anakudondoshea kisarafu cha dhahabu bandia kwa nyuma. Kwa umri wetu tulicheka kupita kiasi.

Ila niliyempenda kuliko wote ni Holle Bolle Gijs, na hadi leo sijambadilisha. Ni pipa la taka. Ni sanamu la jitu nene lenye mdomo wazi, la kwanza liliwekwa 1959, na kutwa nzima linadai kwa sauti ya kubembeleza liletewe karatasi. Ukisogeza karatasi mdomoni, upepo wa ndani unaivuta kutoka vidoleni mwako kwa nguvu inayokushtua, kisha Gijs anakushukuru. Watoto huokota taka hata zisizo zao ili wamlishe. Siku ile nilimwona mzee wa Kiholanzi, amevaa suti na tai, akipekua mifuko mpaka akapata risiti. Akamlisha Gijs, akasubiri ashukuriwe, akaondoka bila kutabasamu. Nilijua hapo kwamba hatuko peke yetu.

Sasa niseme la pili, maana kutazama bila mtoto kuna upande wake mwingine.

Katika ile sehemu waliyoiita Reizenrijk, yaani himaya ya safari, kulikuwa na mchezo uitwao Monsieur Cannibale, uliofunguliwa 1988. Watu walikaa ndani ya vyungu vikubwa vinavyozunguka, na katikati alisimama mpishi: mtu mweusi wa sanamu, mdomo mkubwa, anapika. Muziki ulikuwa wimbo wa Sacha Distel, Mfaransa, na ndio ulioupa mchezo jina. Tulikuwa tumeupanda na wale vijana wa wifi. Wao walitaka chungu kinachozunguka kwa kasi, mimi nilimshika mdogo asitapike, na yule mpishi alipita mbele yangu mara nyingi kama ukuta unavyopita dirishani mwa basi. Nilimwona, na sikumwona.

Tulipokuwa wawili tu, tulisimama pembeni tukamtazama. Mume wangu alisema taratibu, "Huyu ni nani wetu?" Tukaanza kucheka, kwa sababu utafanya nini, kisha tukaacha. Pembeni yetu familia za kila rangi zilikuwa zikipanda na kushuka. Sikuona mtu mwenye nia mbaya. Ndiyo shida ya vitu vya namna ile, havihitaji mwenye nia mbaya. Vinahitaji tu watu wazima walioshughulika na watoto wao.

Miaka hiyo ndiyo nchi nzima ilikuwa ikigombana juu ya Zwarte Piet, msaidizi wa mgawa zawadi Sinterklaas, ambaye watu walikuwa wakimwigiza kwa kujipaka rangi nyeusi usoni. Mpishi naye akaingia kwenye malalamiko. Kazini kwangu walikuwapo waliosema ni mchezo wa watoto, watoto hawaoni hayo. Sikubishana nao sana. Niliwaambia tu kwamba mimi naenda bila mtoto, na ninaona.

Mwaka 2021 yule mpishi alitolewa. Vyungu vikaondoka na pahala pake pakawekwa mchezo mwingine uitwao Sirocco, wa mashua zinazozunguka, na mwenye mchezo ni Sindibadi baharia. Wako waliosikitika, wakasema utoto wao umefutwa. Mimi sikusherehekea wala sikulia. Lakini nilijikuta nimepanda ile mashua kwa raha ambayo sikuitegemea, kwani Sindibadi tumemjua kabla hatujamjua Mholanzi yeyote. Hadithi za Alfu Lela Ulela tulizisoma kwa Kiswahili shuleni na kusimuliwa nyumbani, na kwetu Tanga kuna watu wanaoapa kwamba babu zao walimfahamu kwa sura. Ukitaka kuwa mkali utasema wametoa Mwafrika wa kubuni wakaleta Mwarabu wa kubuni. Ni kweli. Ila huyu wa pili ni nahodha na safari ni yake, na mwenzake alikuwa na sufuria tu.

Tofauti hiyo nilianza kuiona tangu kwenye mchezo wa Fata Morgana, ambao ni wa 1986. Aliyeubuni ni Ton van de Ven, mrithi wa Pieck. Huyohuyo ndiye aliyebuni jumba la mizimu la Spookslot, la 1978, na Droomvlucht, ile safari ya angani katikati ya vibwengo na kasri zinazoelea. Katika Fata Morgana unapanda mashua, unaingia gizani, unatokea kwenye mji wa kale wa Mashariki: soko, gereza, sultani amekalia kiti chake. Ni Mashariki ya Mzungu aliyeota ndoto nzuri, lakini kazi ya mkono iliyomo ni ya kuheshimiwa. Kuna vilemba mle vimefungwa vizuri kuliko vya baadhi ya maharusi niliowahi kuwaona.

Kama kuna siku iliyonithibitishia kwamba bustani hii ni ya wakubwa vilevile, ni pale Spookslot ilipofungwa Septemba 2022. Waliofurika kuiaga hawakuwa watoto. Walikuwa watu wenye mvi waliotishwa na lile jumba wakiwa wadogo. Walisimama kwenye foleni kwa saa nyingi wasikilize mara ya mwisho Danse Macabre ya Saint-Saëns, muziki uliokuwa ukichezwa mle ndani. Mwaka 2024 palipokuwa na jumba hilo pakafunguliwa mchezo mpya wenye jina la muziki uleule. Tumeupanda. Ni mzuri, una kelele, na mume wangu bado hajaafikiana nami kama unashinda ule wa zamani.

Ndugu zetu huku walichelewa kuzoea. Kwenye harusi moja Rotterdam mama mmoja alisikia tulikotoka, akanishika mikono yote miwili akaniombea dua ndefu, kwamba na sisi Mungu atatujaalia. Nikaitikia amina, kwa sababu dua haikataliwi. Siku hizi hawaombi tena. Wanauliza siku gani haina foleni.

Mwaka jana mama mkwe alikuja kututembelea, naye hakutaka kwenda kutazama vinu vya upepo wala maua. "Nipelekeni huko mnakoficha," alisema. Tukampeleka. Alimlisha Gijs leso yake ya karatasi, akamjibu "ahsante na wewe" pale aliposhukuriwa, kisha tukampandisha mashua ya Fata Morgana, amekaa mbele, kanga begani, anatazama kulia na kushoto. Tulipopita sokoni aligeuka nyuma, uso umekunjamana.

"Mwanangu, soko gani hili? Wote wametandaza bidhaa na hakuna hata mmoja anayepunguza bei."

Mume wangu alimwambia ni masanamu, mama.

"Najua ni masanamu. Wangewafundisha."

Tulipotoka nje alitaka turudi, akawaangalie vizuri wale wa samaki.