Safari ya Mzumbe na Neno "Ndiyo"

Mwezi uliopita nilifunga ofisi ya parokia siku mbili nikaenda Mzumbe kumtazama mpwa wangu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, aliyeshikwa na homa. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mamaye, basi mjomba akisikia habari kama hiyo hakai.

Ukitoka mjini Morogoro unashika njia ya Iringa, milima ikiwa mkono wa kushoto. Sangasanga unaiacha njia kuu na kugeuka kuelekea mlimani. Barabara hiyo ndiyo ipandayo mpaka Mgeta, nchi ya mboga. Mzumbe kuko chini ya mlima. Chuo kilianza mwaka 1953 kwa kuwafundisha watumishi wa serikali za mitaa, na tangu 2001 ni Chuo Kikuu. Masomo ni kwa Kiingereza, ingawa wengi wa vijana wetu walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili.

Nilimkuta mgonjwa katika chumba alichopanga kijijini Changarawe, midomo imemkauka. Dawa zilikuwa mezani, hazijaguswa. Jirani yake, mgeni kutoka ng'ambo, alikuwa amepita mara mbili kumwuliza kwa Kiingereza: "Hujanywa dawa?" Kijana akajibu kwa Kiingereza hichohicho, "Ndiyo." Mgeni akaenda zake na moyo mweupe. Siku mbili zikapita hivyo, na mtoto hana nguvu hata ya kuteka maji ya kumezea.

Mimi nilisomea ualimu kabla ya kushika ukarani, nikaona mara moja tatizo liko wapi. Kwetu anayejibu huyapima maneno ya aliyeuliza: "Ndiyo, ni kama usemavyo, sijanywa." Mwingereza hulitazama tendo lenyewe. Likiwa limetendeka, ndiyo. Kama halikutendeka, hapana. Kijana alitafsiri neno sawasawa kabisa, akasema kinyume cha alichotaka.

Na mambo ya namna hii ni mengi. Sisi twaweza kusema "Nyoka wamemwua watoto," na hakuna atakayewalilia watoto, maana "wa" ni yao na "mw" ni ya nyoka. Kiluguru nacho kina viambishi vya namna hiyo, ndiyo sababu mtoto wa mlimani hukidaka Kiswahili upesi. Kiingereza hakina. Huko neno hutambuliwa kwa mahali liliposimama, na ukiyapanga maneno hayo kwa taratibu yetu, nyoka ndiye atakayekuwa ameua. Mimi mwenyewe nililipangua daftari zima la mazoezi kabla ya kulielewa hilo.

Tulimpeleka zahanati, akapona. Yule mgeni alisikitika mno, akaomba nimfundishe. Asubuhi ya kuondoka akanikuta mlangoni na mfuko wangu, akauliza kwa Kiswahili chake, "Mjomba, hujaondoka?"

"Ndiyo," nikamjibu.

Akafikiri kidogo, kisha akaenda kuniletea chai.