Saa za Mtoto wa Gredi ya 8

Isiolo

Mpwa wangu,

Shangazi yako amesikia kwamba umekabidhiwa Gredi ya 8, na kwamba jambo la kwanza uliloulizwa afisini ni wastani wa alama. Amefurahi, na anakuombea. Lakini barua hii ni ya saa. Mtoto wa miaka 13 ana saa 24 kama mtu mwingine yeyote. Mwalimu anayejua zinakokwenda, na ni mtu mzima gani aliye na mtoto katika kila sehemu ya siku, atamfahamu kuliko anayesoma daftari zake peke yake.

Watoto hawa wako mahali pageni. Kundi la kwanza la Gredi ya 7 liliingia Januari 2023, baada ya jopokazi la Profesa Raphael Munavu kupendekeza sekondari msingi iwekwe ndani ya shule za msingi. Kwa hiyo mvulana ambaye sauti inamvunjika anatumia uwanja mmoja na wa chekechea, na binti aliyebalehe anapiga foleni ya choo na watoto wa miaka sita. Zamani mwalimu mmoja wa darasa aliwajua wote. Sasa walimu wa masomo huingia na kutoka, na mtoto anaweza kumaliza wiki nzima bila mtu mzima kugundua kwamba ameacha kucheka.

Mtihani nao umebadilika. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa kwa mara ya mwisho 2023. Siku hizi nafasi ya sekondari ya juu huamuliwa kwa alama za KPSEA ya Gredi ya 6, asilimia 20, tathmini za shuleni katika Gredi ya 7 na 8, asilimia 20 nyingine, kisha KJSEA ya Gredi ya 9, asilimia 60. Nia ilikuwa kuwaondolea watoto hofu ya mtihani mmoja. Wazazi wengi, hata hivyo, bado wana KCPE vichwani, na hofu ile ya wiki moja wameieneza katika miaka mitatu. Waeleze hesabu hiyo kwa utaratibu, kwa Kiborana ikibidi. Mzazi akielewa kwamba tathmini moja ya muhula haiwezi kumfunga mtoto njia, ataacha kumtisha nayo.

Sasa saa zenyewe. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinasema masomo yaanze saa 2 asubuhi na yaishe saa 9 na nusu alasiri, halafu kuwe na michezo na vyama hadi saa 10 na dakika 45. Mtihani unapokaribia, michezo ndiyo huliwa kwanza. Mtoto wa mjini huamka na adhana ya alfajiri, akawahi masomo ya mapema, akashinda darasani, akaenda duksi, yaani chuo cha Kurani, akachota maji, akafanya kazi ya nyumbani, kisha akachukua simu ya mamake. Wataalamu wa usingizi nchini Marekani wanashauri saa 8 hadi 10 kwa walio na umri wa miaka 13 hadi 18. Tena mwili wa kijana anapobalehe huchelewa kuita usingizi, hivyo kumfokea alale haraka hakusaidii sana. Anayeamka saa 11 alfajiri anapaswa awe amelala saa 3 usiku. Wangapi mtaani Bula Pesa wamelala saa 3? Ndiyo maana anayesinzia katika kipindi cha pili aulizwe amelala saa ngapi kabla ya kuitwa mvivu.

Simu ilale chumbani kwa wazazi, na kazi ya nyumbani ya sekondari msingi iwe fupi. Kuhusu duksi, shangazi yako anakusihi umtembelee maalim. Nenda alasiri moja, umsalimie, mkae mzungumze. Watoto wengi wa Isiolo wana walimu wawili ambao hawajawahi kuonana, na kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anayemchosha mtoto. Mkikubaliana siku ambazo shule haitoi kazi nyingi kwa sababu duksi ina hifadhi ndefu, mtakuwa mmemrudishia mtoto saa zake bila kupunguza elimu yoyote.

Kiboko ni jambo ambalo shangazi yako hatalizungushia maneno. Kimepigwa marufuku shuleni tangu 2001. Kifungu cha 29 cha Katiba ya 2010 kinamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, sehemu ya 36, inakataza kumpiga mwanafunzi na kumtesa kiakili pia. Hilo la kiakili ndilo husahauliwa: kusoma alama kwa sauti kuanzia ya mwisho, kumtaja mtoto kwa kabila lake au kwa umaskini wa kwao. Wapo watakaokuambia majilisini kwamba wao walipigwa na wakafaulu. Wasikilize kwa heshima, na usiguse kiboko. Mtoto anayekuogopa hatakuambia kwamba kuna mwendesha bodaboda anayempa pesa.

Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kaskazini. Wavulana wa Merti na Garbatulla walienda na mifugo fora, kwenye kambi za malisho mbali na nyumbani, na wengi walirudi darasani miezi mingi baadaye wakiwa wamezika ng'ombe wa familia. Mvulana wa namna hiyo amebeba dhamana ya mtu mzima, kisha anaambiwa aombe ruhusa ya kwenda msalani. Usimuulize mbele ya wenzake alikuwa wapi. Mpe kazi ya heshima, kama kusimamia vitabu au mpira, na umtafutie mtu wa kumfunza aliyokosa. Uji na chakula cha mchana pia ni sehemu ya hali yake ya moyo. Mwenye njaa hukasirika upesi, na walimu wengi huita hasira hiyo utovu wa nidhamu.

Mabinti wana mizigo yao. Sheria ya 2017 inaitaka serikali kuwapa wanafunzi sodo bila malipo, lakini mgao ukichelewa hedhi haingoji. Weka pakiti kabatini, na binti mmoja anayeaminika awe na ufunguo, ili asiwepo wa kuja kukuomba mbele ya wavulana. Likizo ya Novemba na Desemba ni ndefu, na ndiyo ya kuchungwa. Ukeketaji ulikatazwa kwa sheria ya 2011, na bado hufanywa kimya kimya shule zikifungwa. Binti anayeanza kuogopa kufunga shule anakuambia jambo. Nambari 116, simu ya watoto, haitozwi na hupokewa usiku na mchana. Iandike ubaoni iwe pale mwaka mzima.

Ulisema kwamba michezo haina faida kwenye tathmini. Angalia jirani zetu Marsabit. Wakili Fatuma Abdulkadir Adan alianzisha shirika la HODI mwaka 2003, kisha akatumia kandanda kuwakutanisha vijana wa Kiborana, Kigabra na Kirendille ambao wazee wao walikuwa wakiuana, akiwachanganya katika timu moja. Baadaye wasichana nao wakaingia uwanjani, na mpira ukawa nafasi yao ya kuzungumza juu ya ukeketaji na ndoa za mapema. Isiolo inalihitaji hilo. Mwishoni mwa 2011 na mwanzoni mwa 2012 mapigano yalihamisha familia nyingi hapa, na wanafunzi wako wengi walizaliwa karibu na wakati huo. Walizikuta chuki hizo zikisimuliwa jikoni. Usiruhusu timu ya kabila moja.

Kuna mfano mwingine, wa kusini. Taasisi ya Shamiri, iliyoanzishwa na Tom Osborn, ilifanya jaribio kwa wanafunzi 413 wa sekondari waliokuwa na dalili za huzuni nzito au wasiwasi, matokeo yakachapishwa 2021. Vijana waliokuwa wametoka tu sekondari, wakiwa na mafunzo mafupi na usimamizi, waliketi na vikundi vidogo saa moja kwa wiki, wiki nne, wakizungumza kuhusu kushukuru, kuhusu mambo wanayoyathamini, na jinsi mtu anavyoweza kubadilika. Dalili zilipungua kuliko kwa wale waliofundishwa mbinu za kusoma tu. Kwa shangazi yako, la maana hapo ni kwamba mtoto humwelewa haraka aliyemtangulia kidogo. Isiolo ina vijana wengi waliomaliza Kidato cha 4 na wamekaa tu. Mwombe mwalimu wa ushauri na nasaha awachague wachache, awafunze, na asiwaache peke yao.

Wapo watakaozidi uwezo wako. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Mtoto akisema amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo. Usimwache peke yake, mwite mzazi, na mwende hospitali ya rufaa ya kaunti siku hiyo hiyo. Familia zilizokuwa zikificha kwa kuogopa polisi ziambiwe kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume na Katiba.

Mkutano wa wazazi ukifika, mpe kila mzazi dakika zake faraghani, baba na mama wote wawili ikiwezekana. Anza na jambo zuri uliloliona kwa mtoto, kisha uliza analala saa ngapi, anakula nini mchana, na nani nyumbani humsikiliza. Andika majibu. Ukimaliza darasa zima, mtumie shangazi yako habari, bila majina ya watoto, na atakuja muhula wa pili kukaa na wale ambao swali la tatu halikupata jibu.

Shangazi yako