Alipigania Burundi iingie Olimpiki, jina lake likaandikwa upande wa makocha

UVIRA, Kivu ya Kusini – Jioni hewa ikiwa safi, mtu akisimama ufukweni Kavimvira anaona taa za Bujumbura ng'ambo ya ncha ya ziwa. Kwa barabara ya Gatumba, safari haifiki kilomita thelathini. Habari za upande ule zinafika huku mapema: bei ya sukari, mpaka kufungwa, mpaka kufunguliwa. Lakini iko habari moja ya mwanariadha wa kule ambayo vijana wengi wa Uvira hawajaisikia, hata wale wanaokimbia kila asubuhi kwenye barabara ya taifa namba 5 kuelekea Kiliba. Na kusema kweli, hao ndio inawahusu kwanza.

Kila mara orodha ya ekipe ya taifa inaposomwa redioni, mazungumzo yanaanza kwenye kartie. Nani amechukuliwa? Nani ameachwa? Yule wa kwetu mbona hayumo? Kwa siku mbili tatu watu wanagombana, kisha mashindano yanaanza na aliyeachwa anasahaulika. Dieudonné Kwizera wa Burundi aliachwa nje ya Olimpiki mara mbili bila kushindwa na mtu yeyote uwanjani. Mara ya tatu aliachwa na komite ambayo yeye mwenyewe alihangaika ili iwepo.

Mbio zake hasa zilikuwa mita 800. Alikwenda Marekani, akasoma na kukimbia katika Chuo Kikuu cha Nebraska. Wakati ule vyuo vya kule vilikuwa na vijana wengi wa Afrika waliokuwa wanakimbia kama upepo. Mmoja wao alikuwa Paul Ereng wa Kenya, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Virginia. Mwaka wa 1988 Ereng alikwenda Seoul na kuchukua medali ya dhahabu ya mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 43.45. Kwizera hakwenda Seoul. Hakuna aliyemwambia kwamba miguu yake ni mizito, wala hakukuwa na orodha ambayo jina lake lilifutwa. Hapakuwa na orodha kabisa.

Hapa panahitaji maelezo kidogo. Mwanariadha hawezi kwenda Olimpiki peke yake hata akiwa na mbio za ajabu. Anapelekwa na komite ya olimpiki ya inchi yake, na hiyo komite lazima kwanza itambuliwe na Komite ya Olimpiki ya Kimataifa. Ili itambuliwe, inchi inatakiwa kuwa na mashirikisho kadhaa ya michezo yaliyosajiliwa kwenye mashirikisho ya dunia. Mbio peke yake hazitoshi. Ni kazi ya makaratasi, barua, mihuri, na watu wenye subira ya kukaa ofisini. Burundi ilipata uhuru mwaka wa 1962, lakini hadi Seoul ilikuwa haijaimaliza kazi hiyo. Majirani wote walikuwa wametangulia. Tanganyika ilikwenda Tokyo mwaka wa 1964. Kongo yetu ilikwenda Mexico mwaka wa 1968, ikarudi ikiitwa Zaire mwaka wa 1984 kule Los Angeles. Rwanda nayo ilianza mwaka huohuo wa 1984. Burundi, ambayo vijana wake walikuwa wanatoa jasho kwenye milima ileile, ilibaki nyumbani inasikiliza redio.

Ikafika Barcelona mwaka wa 1992. Kwizera alikuwa bado na nguvu zake, na hakwenda tena, kwa sababu ileile. Mwaka huo kuna jambo linalouma zaidi mtu akilitazama kwa makini. Yugoslavia ilikuwa imewekewa vikwazo na Umoja wa Mataifa kwa sababu ya vita, lakini wanamichezo wake waliruhusiwa kushindana kila mmoja kwa jina lake, chini ya bendera ya Olimpiki. Kwa hiyo njia ya kumwingiza mwanamichezo bila bendera ya inchi yake ilijulikana na ilitumika. Kwa kijana wa Burundi haikufunguliwa. Mita 800 zilichukuliwa na William Tanui wa Kenya, na Mkenya mwenzake Nixon Kiprotich akawa wa pili.

Mwanariadha wa mita 800 hana miaka mingi ya kuwa kwenye kilele. Olimpiki inakuja kila baada ya miaka minne. Ukikosa mbili, umetoa miaka minane ya ujana wako. Mwenye duka akifunga mwaka mmoja anaweza kufungua mwaka unaofuata. Miguu haifanyi hivyo.

Wengine wangebadilisha inchi, na wako waliofanya hivyo na hakuna wa kuwahukumu. Kwizera alishika njia nyingine. Alikuwa kati ya watu waliosukuma na kuomba ili Burundi iwe na komite ya olimpiki inayotambuliwa. Mwaka wa 1993 ikatambuliwa. Wakaaji wa Uvira wenye umri wanaukumbuka mwaka huo kwa jambo lingine: mwezi wa 10 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, vita ikawaka, na familia zikavuka Ruzizi kuja huku na magodoro kichwani. Kati ya moto kama huo nani angefikiria mambo ya michezo? Lakini karatasi ilikuwa imepatikana. Burundi ilikuwa na haki ya kwenda Atlanta mwaka wa 1996.

Orodha ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Burundi ikatengenezwa. Kwizera alikuwemo, lakini kama kocha. Kwenye orodha ya wakimbiaji jina lake halikuwepo.

Ni vizuri kusimama kidogo hapa, kwa sababu watu wengi wakisimulia habari hii wanapita mbio kwenda kwenye dhahabu. Mtu amengoja tangu Seoul. Mlango aliougonga miaka yote umefunguliwa, na yeye anaambiwa aingie akiwa amebeba saa ya kupimia wenzake. Viongozi waweza kuwa na hesabu zao. Alikuwa anakaribia miaka thelathini, na Burundi wakati ule ilikuwa na wakimbiaji wa kiwango cha juu kweli. Arthémon Hatungimana alikuwa amepata medali ya fedha ya mita 800 kwenye mashindano ya dunia ya 1995 kule Göteborg. Vénuste Niyongabo, mzaliwa wa Vugizo katika Makamba, alikuwa amepata ya shaba kwenye mita 1500 palepale. Kwa kutazama saa peke yake, si ajabu mzee kati yao akaachwa. Lakini saa ya mwaka 1996 haikuweza kuonyesha kwa nini alikuwa hana Olimpiki ya 1988 wala ya 1992. Aliachwa kwa sababu ya umri, na umri huo ulimkuta akingoja komite.

Niyongabo ndiye aliyeliona hilo. Alikuwa mdogo wake kwa miaka kadhaa, na kwenye mita 1500 alikuwa mmoja wa watu watatu ambao dunia ilikuwa inawataja: Noureddine Morceli wa Algeria, Hicham El Guerrouj wa Maroko, na yeye. Aliitoa nafasi yake ya mita 1500, akampa Kwizera. Yeye mwenyewe akaenda kukimbia mita 5000, mbio ambazo katika maisha yake alikuwa amezikimbia mara mbili tu.

Mtu asiyekimbia anaweza kudhani ni kitu kidogo, kutoka mbio hizi kwenda zile. Mita 1500 ni duru tatu na robo tatu za uwanja. Mita 5000 ni duru kumi na mbili na nusu, na huko walikuwa wanamngoja Wakenya, Waethiopia na Wamaroko ambao hiyo ndiyo kazi yao ya kila siku. Angeshindwa, kusingekuwa na wa kumhurumia. Wangesema ni mjinga aliyegawa medali ya taifa lake.

Na taifa lenyewe lilikuwa katika hali gani? Tarehe 25 mwezi wa 7, michezo ikiwa imekwisha kuanza, Pierre Buyoya alichukua madaraka kwa nguvu mjini Bujumbura. Tarehe 31, viongozi wa inchi za jirani walikutana Arusha na kuamua kuiwekea Burundi vikwazo. Siku tatu baadaye, tarehe 3 mwezi wa 8, Niyongabo alisimama kwenye mstari wa fainali ya mita 5000. Duru ya mwisho alitoka mbele, na Paul Bitok wa Kenya akamfuata bila kumfikia. Dakika 13 na sekunde 07.96. Bitok alikuwa nyuma kwa sehemu 20 za mia za sekunde, na Khalid Boulami wa Maroko akawa wa tatu. Burundi ikapata dhahabu katika Olimpiki yake ya kwanza kabisa. Jioni hiyohiyo, kwenye fainali ya mita 1500 ambayo Niyongabo aliiacha, El Guerrouj alianguka na Morceli akashinda.

Huku kwetu hapakuwa na muda wa kushangilia jirani. Uvanda wa Ruzizi ulikuwa umejaa kambi za wakimbizi, na miezi isiyofika mitatu baadaye vita iliingia Uvira yenyewe. Labda ndiyo sababu habari hii haikupata nafasi ya kusimuliwa upande huu wa maji.

Je, Kwizera? Alikimbia mita 1500 kwenye duru ya kwanza. Hakupita.

Wako wanaosema basi viongozi walikuwa na haki, nafasi ilipotea bure. Neno hilo si la kweli. Kwanza, nafasi haikutolewa na inchi, ilitolewa na mwenye nayo. Pili, mita 1500 hazikuwa mbio zake za asili, na alizikimbia baada ya kilele chake kupita. Kumpima kwa siku ile ni kama kumnyima mtu chakula wiki nzima, halafu kumpa gunia la mihogo abebe ili tuone nguvu zake.

Lakini kuna upande mwingine ambao wapenda michezo hawapendi kuusikia, na wanariadha wa Uvira wangefaa kuusikia. Wema wa Niyongabo ulirekebisha kosa la ofisi, na ni mara ngapi mtu kama Niyongabo anapatikana? Huku mwanariadha akifanya vizuri, anategemea kwanza jina lake lifike Bukavu, halafu lipande ndege hadi Kinshasa, kwa sababu barabara ya kutoka hapa hadi kule haipo. Kila mahali jina linaweza kudondoka. Aliyeachwa hapewi hata karatasi ya kumwambia alipungukiwa sekunde ngapi. Ingekuwa vizuri vipimo vijulikane kabla ya mashindano, vibandikwe mahali watu wanapita, na anayeachwa aambiwe sababu uso kwa uso na mtu aliyemchagua mwingine. Kukosa kwa sababu ya sekunde kunaumiza, lakini kijana anajua nini cha kufanya kesho asubuhi. Kukosa bila sababu kunamfanya akae nyumbani, na wengi wamekaa.

Mlango wenyewe umepanuka kidogo tangu wakati wa Kwizera. Mwaka wa 2012, Guor Marial wa Sudani Kusini, ambayo ilikuwa haina komite, alikimbia maratoni ya London chini ya bendera ya Olimpiki. Mwaka wa 2016 kule Rio, ekipe ya wakimbizi ilikuwa na wanajudo wawili Wakongomani, Popole Misenga na Yolande Mabika, huyu wa pili mzaliwa wa Bukavu. Kama sheria hizo zingekuwepo mwaka wa 1988, Kwizera angepanda ndege ya Seoul akiwa kijana.

Burundi haijakosa Olimpiki tangu Atlanta. Hadi Paris 2024 ina medali mbili: ile dhahabu ya Niyongabo, na fedha ya Francine Niyonsaba kwenye mita 800 kule Rio. Kwizera hana hata moja. Kwenye matokeo ya 1996, mita 1500 wanaume, duru ya kwanza, jina lake liko kati ya wale ambao hawakuendelea, na pembeni yake herufi tatu, BDI.